Wakili wa Tisini na Tano kwa Mia

Asilimia ya ushindi ya wakili hupatikana kwa kugawanya. Juu ya mstari huwekwa kesi alizoshinda, chini yake kesi zote alizosimamia. Anayejitangaza kwa asilimia hiyo hutaja jibu peke yake. Kilichokaa chini ya mstari hubaki ofisini kwake. Kesi zilikuwa ngapi? Za nini? Dhidi ya nani? Zilizofutwa njiani ziliandikwa upande gani? Nyota za mitandaoni na orodha za mawakili bora nazo huficha mambo ya namna hiyo. Mtafuta wakili huwa na samansi mkononi na hofu kifuani, na tarakimu moja iliyo wazi humpa utulivu wa haraka, ambao mara nyingi huja kuulipia baadaye.

Shauri lililotoa mafunzo haya lilikuwa la familia ya mwandishi, jijini Dar es Salaam. Bibi alifariki akaacha nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji. Mmoja wa wanawe aliiuza kimyakimya kabla mirathi haijafunguliwa, na hati ya mauziano ikagongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Ndugu zake walipata habari asubuhi mnunuzi alipoleta mafundi kung'oa bati. Jioni kikao kilikaa uani. Baba Mdogo alikuwa amekwisha kumpata wakili kwenye simu yake, akaipitisha mkono kwa mkono ili kila mtu aone.

"Tisini na tano kwa mia anashinda," alisema. "Nyota nne na nusu. Mnataka nini tena?"

Shangazi alikuwa akipepeta mchele. Simu ilipomfikia hakuipokea. "Na hizo tano alizoshindwa," aliuliza, "zilikuwa za nini?"

"Dada nawe! Unazitafuta tano, tisini na tano huzioni?"

Watu wakacheka, ungo ukaendelea. Kesho yake wakili alilipwa nusu ya ada, na shauri likafunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa jina la Baba Mdogo.

Halikufika mbali. Wakili wa mnunuzi aliweka pingamizi la awali: nyumba ni mali ya marehemu, na mwenye mamlaka ya kuidai ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Baba Mdogo hakuwa ameteuliwa popote. Mwenyekiti wa baraza alikubaliana na hoja hiyo, shauri likaondolewa, na familia ikaamriwa kulipa gharama za upande wa pili. Nje, chini ya mti wanapokaa watu kusubiri majina yao yaitwe, wakili alikuwa akifunga mkoba wake. "Hatujashindwa, mzee," alimwambia Baba Mdogo. "Limeondolewa tu. Tutalirudisha."

Kisheria alisema kweli. Mahakama za Afrika Mashariki zimetofautisha tangu zamani kati ya shauri linaloondolewa kwa kuwa halikuletwa ipasavyo na shauri linalotupwa baada ya kusikilizwa. Uamuzi unaotajwa sana juu ya hilo ni wa mwaka 1959, katika rufaa ya chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo. Pingamizi la awali nalo lina uamuzi wake maarufu, wa Mukisa Biscuit wa mwaka 1969, unaosema kwamba pingamizi hilo sharti liwe hoja ya sheria tupu, isiyohitaji ushahidi. Shauri lililoondolewa linaweza kurudishwa likiwa limerekebishwa, na ndiyo maana wakili hakulihesabu kuwa limeshindwa. Wakili wa mnunuzi, kwa upande wake, alikuwa na kila sababu ya kuliandika kuwa ameshinda. Familia ilikuwa imelipa ada, nauli na gharama za upande wa pili, na nyumba ilikuwa bado mikononi mwa mnunuzi. Tukio moja lilikuwa ushindi kwenye daftari moja, halikuandikwa kabisa kwenye daftari la pili, na kwa mteja lilikuwa hasara.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza kuhusu asilimia yoyote ni maana ya neno "kushinda". Katika madai, shauri linaweza kumalizika kwa hukumu baada ya pande zote kusikilizwa, kwa hukumu ya upande mmoja, mdaiwa asipotokea, kwa maridhiano, kwa mdai kuliondoa mwenyewe, au kwa kuondolewa kama lile la nyumba. Hakuna daftari la taifa linalowalazimisha mawakili wote kuyahesabu matokeo hayo kwa namna moja. Kila anayetangaza asilimia amejiwekea kanuni yake, na si ajabu kanuni hiyo ikampendelea.

Katika jinai neno hilo huteleza zaidi. Nchini Tanzania adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kifo, na jaji akimtia mtu hatiani kwa kosa hilo hana adhabu nyingine ya kuchagua. Wakili anayefanikisha shtaka libadilishwe kuwa la kuua bila kukusudia, mteja wake akakiri na kufungwa miaka kadhaa, amemwondoa mtu kwenye kitanzi. Kwenye jedwali la "kushinda na kushindwa" mteja huyo ametiwa hatiani, na wakili ameshindwa. Tangu mwaka 2019 sheria ya Tanzania imeweka utaratibu rasmi wa makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, kwa hiyo kazi nyingine nzuri ya uwakili humalizika mezani, mahali ambapo asilimia ya ushindi haifiki.

Hata ushindi usiobishaniwa huweza kuwa wa karatasi. Mdai akipewa hukumu, bado ana kazi ya kuikaza: kuomba amri ya utekelezaji, kutafuta mali ya mdaiwa, kumlipa dalali wa mahakama. Mdaiwa ambaye hana kitu, au ambaye mali zake zote zina majina ya watu wengine, hulipa kidogo au halipi kabisa. Takwimu za wakili huishia siku hukumu iliposomwa. Wakili mwangalifu humuuliza mteja mapema kama huyo anayemshtaki ana kitu cha kukamatwa, na huenda akamshauri asifungue shauri. Ushauri huo unaweza kuokoa fedha kuliko ushindi, na hauingii kwenye hesabu yoyote.

Jambo la pili ni aina ya kesi. Baadaye familia iliulizia kazi za yule wakili wa kwanza. Ilibainika kwamba kwa miaka kadhaa riziki yake kubwa ilitokana na kudai madeni kwa niaba ya wakopeshaji. Mkopaji aliyeweka sahihi kwenye mkataba na kushindwa kulipa mara nyingi hana utetezi, na wengi hawafiki mahakamani. Hukumu hutolewa wao wakiwa hawapo. Tisini na tano kwa mia haikuwa uongo basi. Ilikuwa habari ya kweli kuhusu wadeni wasiotokea, na haikusema lolote kuhusu mnunuzi mwenye hati, mashahidi na wakili wake mwenyewe.

Mfano mkubwa wa jambo hilo uko Japani, ambako zaidi ya washtakiwa 99 kati ya 100 wanaofikishwa mahakamani hutiwa hatiani. Anayesoma tarakimu hiyo peke yake angewaona mawakili wa utetezi wa Japani kuwa watu wasio na kazi. Sababu moja inayotajwa na wataalamu ni kwamba waendesha mashtaka wa huko huacha kesi wanazoona huenda wakashindwa na kupeleka zile wanazoziamini. Kesi zilikwisha kuchujwa kabla ya wakili wa utetezi kusimama. Wasomi wawili wa Marekani, George Priest na Benjamin Klein, walieleza mwaka 1984 jambo linalofanana na hilo katika mashauri ya madai: kesi iliyo wazi kwa upande mmoja huelekea kumalizwa kwa makubaliano, kwa kuwa pande zote mbili zinajua mwisho wake, na zinazofika kwenye hukumu ni zile ambazo kila upande unaona una nafasi. Hukumu ni kama mabaki yaliyokaa kwenye chekeche. Kumpima wakili kwa hukumu peke yake ni kuyapima mabaki na kusahau unga uliopita.

Uchujaji ukichanganyika na wastani, tarakimu zinaweza hata kugeuka juu chini. Udaktari una mfano unaofundishwa sana, kutoka Uingereza mwaka 1986, wa tiba mbili za mawe ya figo. Upasuaji wa wazi ulifanikiwa kwa wagonjwa 273 kati ya 350, sawa na asilimia 78. Njia mpya ya kupitisha kifaa kwenye tundu dogo ilifanikiwa kwa 289 kati ya 350, asilimia 83. Njia mpya ilionekana bora, mpaka wagonjwa walipotenganishwa. Kwa mawe madogo, upasuaji wa wazi ulifanikiwa kwa asilimia 93 na njia mpya kwa 87. Kwa mawe makubwa, upasuaji ulipata 73 na njia mpya 69. Upasuaji uliongoza katika makundi yote mawili na kuachwa nyuma kwenye jumla, kwa sababu wagonjwa wa mawe makubwa walipelekwa zaidi kwenye upasuaji, na wa mawe madogo kwenye njia mpya.

Kwa mawakili, deni la mkataba uliosainiwa ni jiwe dogo, na nyumba ya urithi iliyouzwa na ndugu ni jiwe kubwa. Wakili anayeletewa yale yaliyowashinda wenzake anaweza kuwa hodari kuliko jirani yake katika kila aina ya kesi, na bado asilimia yake ya jumla ikawa ndogo. Mteja anayelinganisha jumla kwa jumla atamkimbia mtu anayemhitaji.

Jambo la tatu ni uchache. Kesi moja ya ardhi yenye ubishi inaweza kuchukua miaka, ikapanda Mahakama Kuu na hata Mahakama ya Rufani. Wakili wa umri wa kati anaweza kuwa na mashauri machache tu yanayofanana kweli na la mteja aliye mbele yake. Kwa idadi ndogo hivyo, bahati na ustadi havitofautishiki. Sarafu ikirushwa mara tano, uwezekano wa kutoka kichwa mara zote tano ni mmoja kati ya 32. Wakiwapo watu 32 wanaorusha sarafu, kwa wastani mmoja wao atapata vichwa vitano mfululizo bila ufundi wowote. Wakiwa mawakili, huyo mmoja ndiye atakayeandika "sijawahi kushindwa", na wale wengine 31 watanyamaza.

Nyota za mitandaoni zina matatizo yake. Anayezitoa ni mteja, na mteja anaweza kupima vitu anavyoviona: simu ilipokewa, maneno yalikuwa ya upole, ofisi ilikuwa na kiyoyozi, kesi ilikwenda alivyotaka. Ubora wa hati ya madai hauoni, kwa kuwa kama angeweza kuupima asingehitaji wakili. Katika shauri la nyumba, nyota zile nne na nusu pengine zilitolewa kwa haki: wakili alikuwa mchangamfu, alijibu ujumbe usiku, aliwaita wazee kwa heshima. Alichosahau ni swali moja la kisheria. Zaidi ya hayo, anayeandika ni aliyefurahi sana au aliyekasirika sana, na mara nyingine ni mtu wa upande wa pili mwenye uchungu wa kushindwa. Wakili aliyetukanwa hadharani hana uhuru wa kujieleza, kwa kuwa anabanwa na wajibu wa kutunza siri za mteja wake.

Marekani, ambako biashara ya kuwapanga mawakili kwa madaraja ina historia ndefu, suala hili lilifika mahakamani. Orodha ya Martindale ilianza mwaka 1868, na baadaye, kama Martindale-Hubbell, ilijulikana kwa alama zinazotokana na maoni ya mawakili juu ya wenzao. Mwaka 2007 ilitokea Avvo, kampuni ya Seattle iliyowapa mawakili alama kutoka 1 hadi 10 kwa kanuni yake yenyewe. Mawakili wawili waliishtaki. Mahakama ya shirikisho ilitupilia mbali madai yao mwaka huohuo, kwa hoja kwamba alama zile ni maoni, na maoni yanalindwa na katiba. Uamuzi huo uliipa kampuni nafuu, lakini mteja anapaswa kuusoma kwa makini: alama yenye desimali, ambayo sura yake ni ya kipimo, mbele ya jaji ilitetewa kama maoni.

Orodha za kimataifa zinazopanga kampuni za mawakili, zikiwemo za Afrika Mashariki, nazo zina matumizi yake. Benki inayotafuta mtu wa kuandika mkataba wa mkopo wa mabilioni inaweza kunufaika nazo. Huandaliwa kwa taarifa ambazo kampuni zenyewe huwasilisha pamoja na mahojiano na wateja wao, na uzito mkubwa uko kwenye kazi za biashara. Wakili anayejua kila karani wa baraza la ardhi na kila kifungu cha sheria ya mirathi anaweza asionekane humo maisha yake yote.

Kipimo kikishatangazwa huanza pia kubadilisha wanaopimwa. Jimbo la New York lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuchapisha vifo vya wagonjwa wa upasuaji wa mishipa ya moyo, hospitali kwa hospitali na daktari kwa daktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu New York na Pennsylvania ulionyesha kwamba upasuaji ulisogezwa kwa wagonjwa wenye hali nafuu, na waliokuwa na hali mbaya zaidi wakapata matokeo mabaya zaidi. Wakili anayelinda asilimia yake ana njia hiyohiyo. Anaweza kumkataa mjane asiye na hati, kumsukuma mteja akubali malipo madogo ili kesi isifike kwenye hukumu, au kujitoa mapema mambo yanapoharibika. Asilimia inabaki safi, na aliyekataliwa haonekani popote.

Ziko taarifa ambazo mtafuta wakili anaweza kuzitegemea, na nyingi hazina asilimia ndani yake. Ya kwanza ni ya ndiyo au hapana: je, ni wakili kweli? Tanzania Bara, mawakili huandikishwa chini ya Sheria ya Mawakili, na leseni zao huhuishwa kila mwaka. Jina linaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama au kwa kuuliza Chama cha Mawakili wa Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954. Zanzibar ina utaratibu na chama chake. Hatua hii ndogo huwaondoa vishoka, watu wanaozunguka kwenye viunga vya mahakama wakiandika hati na kupokea ada bila kuwa mawakili. Ya pili ni nidhamu: malalamiko dhidi ya wakili hupelekwa kwenye Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kumsimamisha au kuamuru jina lake liondolewe kwenye orodha.

Ya tatu ni hukumu zenyewe. Maamuzi ya Mahakama ya Rufani na ya Mahakama Kuu huwekwa kwenye tovuti ya TanzLII, yakasomwa bure. Mtu anaweza kutafuta jina la wakili na kusoma alivyojenga hoja. Asiyejua Kiingereza cha mahakama anaweza kumwomba kijana wa familia amsomee, na asitafute nani alishinda. Atafute kama mashauri ya wakili huyo huondolewa mara kwa mara kwa makosa ya utaratibu, kama jaji alilazimika kujibu hoja zake au alizipita, na kama amewahi kushika jambo linalofanana na lake.

Ya nne ni mazungumzo ya saa moja ofisini. Maswali yenye faida ni machache: umewahi kushika shauri kama hili, na liliishaje? Upande wa pili utasema nini? Ni kitu gani kwenye nyaraka hizi kinakutia wasiwasi? Nani hasa atasimama siku ya kusikilizwa, wewe au msaidizi wako? Ada ni kiasi gani, na shauri likiondolewa kwa kasoro ya utaratibu, nani atabeba gharama ya kulirudisha? Wakili anayejibu kwa kutaja udhaifu wa kesi ametoa taarifa ambayo hakuna nyota inayoitoa.

Familia ile ilimpata wakili wa pili kwa njia hiyo. Alikuwa mama wa makamo, ofisi yake ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, bila tangazo lolote zaidi ya kibao cha mlangoni. Kabla hajafungua faili aliuliza: "Msimamizi wa mirathi ni nani?" Watu wakatazamana. Kisha akaeleza kwamba mashauri mawili ya namna ile yalimshinda, na akasema kwa nini: katika la kwanza warithi walinyamaza miaka mingi mno, na katika la pili mmoja wao alikuwa amepokea sehemu ya fedha za mauzo kwa siri. "Kati yenu yuko aliyepokea?" aliuliza. Shangazi ndiye aliyejibu: hakuna. Hakuwa amecheka siku ile ya kikao, na safari hii naye hakucheka.

Kazi ilianza upya kutoka mahali ilipopaswa kuanzia. Muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo vilipelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, muda wa pingamizi ukapita, na Shangazi akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Shauri jipya lilifunguliwa kwa jina lake. Baada ya mashahidi wawili kusikilizwa, mnunuzi aliomba mazungumzo. Wakili aliwaambia wateja wake kwamba wanaweza kushinda, kwamba rufaa zitakula miaka, na kwamba mnunuzi akipoteza nyumba yote atamgeukia kaka yao. Walikubaliana aachiwe vyumba viwili vya upande wa barabara, kwa hesabu ya fungu la aliyemuuzia. Vinne vilirudi kwa warithi, na makubaliano yakaandikwa mbele ya baraza.

Hakukuwa na hukumu ya ushindi. Wakili yule akiulizwa asilimia yake, shauri hilo halitaongeza kitu juu ya mstari. Wapangaji wa vile vyumba vinne wanapeleka kodi kwa Shangazi.